Siku moja maishani mwangu: fundi betri mwenye haidromita mbili

Saa 11 alfajiri. Tabata bado kumetulia, na hii ndiyo saa ambayo chumba changu hakijaanza kupata moto. Nafungua friji ya zamani niliyoifunga kidhibiti joto. Ndani imo ndoo ya bia, leo siku ya kumi na moja. Nataka kujua jambo moja tu: imemaliza kuchacha au bado?

Nafungulia koki ya ndoo. Bia ya kwanza kutoka naimwaga, imebeba mashapo ya hamira. Inayofuata nakinga kwenye glasi, kisha naimimina kutoka glasi hii kwenda ile, mara ishirini hivi, mpaka povu lichoke. Gesi isipotoka, viputo vinang'ang'ania haidromita, kile kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, na kuinyanyua, na namba inasoma juu kuliko ilivyo. Baada ya hapo nahamishia kwenye silinda, silinda naisimamisha ndani ya bakuli la maji yenye vipande vya barafu, nachovya kipimajoto na kusubiri. Nyuzi 24. Nyuzi 22. Naitoa ikifika 20.

Kwa nini 20? Haidromita yangu imeandikwa hivyo kwenye karatasi iliyomo ndani ya kioo chake: imetengenezwa isome sawasawa kwenye nyuzijoto 20. Nyingine huandikwa 15.6, kwa hiyo angalia yako kabla ya kuiamini. Na Dar es Salaam chumba kikiachwa kama kilivyo hakishuki hadi 20, hata Julai. Kimiminika cha moto ni chepesi, haidromita inazama zaidi, namba inashuka.

Mwaka jana jambo hili lilinigharimu. Nilipima bia Februari, mchana, ikiwa na nyuzi 31. Nikasoma 1.010 (maji matupu ni 1.000, na sukari ikiwa nyingi namba iko juu), namba ileile niliyokuwa naingoja, nikafurahi, nikajaza chupa siku hiyohiyo. Kumbe kwenye 20 ilikuwa 1.013. Zile pointi tatu za mwisho za sukari hamira ilizimalizia ndani ya chupa, juu ya sukari niliyoongeza ya kutengeneza gesi. Wiki ya pili usiku tukasikia mlio jikoni. Chupa mbili zilipasuka, vipande vikafika mpaka chini ya kitanda cha mtoto. Hakuumia, namshukuru Mungu. Tangu siku ile sisomi namba yoyote bila kusoma joto kwanza, na sijazi chupa kwa kipimo kimoja.

Nachuchumaa mpaka jicho liwe usawa na bia. Naizungusha haidromita kwa vidole ili viputo vilivyobaki viachie, nasubiri itulie katikati bila kugusa ukuta wa silinda. Bia hujikunja ikapanda kidogo pale inapogusa kioo. Mimi nasoma usawa wa chini, ule mstari bapa. 1.013. Natoa mbili, nitaeleza sababu, inabaki 1.011. Jumatano ilikuwa 1.011. Ijumaa 1.011. Imemaliza. Ilianzia 1.048, kwa hiyo tofauti ni 0.037, ukizidisha kwa 131.25 unapata kilevi asilimia 4.9 hivi. Sampuli naionja. Kamwe siirudishi kwenye ndoo.

Saa 2 asubuhi niko mtaa wa Gerezani, kibandani kwangu. Kazi yangu ni betri, na haidromita ya kwanza kuishika maishani ni hii ya kufyonza asidi. Mwenye bajaji analeta betri inayogoma asubuhi. Seli tano zinasoma 1.250 na kitu, ya sita 1.150. Hapo hakuna cha kujadili, seli imekufa. Kijana ninayemfundisha anataka kupima nyingine iliyotoka kwenye chaja sasa hivi.

"Bosi, hii nayo niisome?"

"Iguse kwanza. Ina joto?"

"Ina joto."

"Basi iache ipoe."

Somo ni lilelile, kwenye asidi na kwenye bia. Ila naomba nisieleweke vibaya: haidromita ya betri isikaribie kabisa kitu cha kunywa. Ina asidi na madini ya risasi, na hata ingekuwa safi haikufai, maana vipimo vyake huanzia kwenye 1.100 na bia yangu yote iko chini ya hapo.

Faida ninayoipata kibandani ni maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, chupa ambayo haijafunguliwa. Saa 5 wateja wanapopungua nachukua moja na kuiweka kwenye begi, jioni nitaihitaji.

Saa 8 nafunga, saa 9 niko nyumbani. Napita kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Barafu tena?"

"Mifuko mitatu, mama."

Kabla ya kuwasha jiko la bia mpya naihakiki haidromita ya bia. Kwenye maji ya betri yaliyopozwa hadi 20 ingepaswa kusoma 1.000. Yangu inasoma 1.002. Ile karatasi ya ndani imeteleza kidogo, na hilo hutokea hata kwa kifaa kipya. Kisha naipima kwa sukari: gramu 25 za sukari kavu na gramu 225 za maji, koroga mpaka iyeyuke yote. Inapaswa kusoma 1.040, inasoma 1.042. Kosa ni lilelile chini na juu, kwa hiyo natoa mbili kila mara. Zingetofautiana, ningetafuta nyingine.

Bibi yangu kule Rombo hapimi kitu, anaonja. Na yuko sahihi, kwa sababu mbege inanyweka ikiwa bado inachacha, haifungiwi kwenye chupa. Anayefunga gesi ndani ya kioo ndiye mwenye deni la namba.

Saa 10 kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kilo 4.5 kimo kwenye maji ya nyuzi 66, kinakaa saa nzima. Nikishachuja napata lita 24. Hapa natumia rifraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa jinsi mwanga unavyopinda, matone matatu tu, nafunika, nasubiri nusu dakika yapoe, natazama dirishani: sukari asilimia 10.2, sawa na 1.041. Haidromita siithubutishi kwenye maji ya moto. Kioo kinaweza kupasuka, na jedwali la kusahihisha joto halitegemeki ukiwa mbali hivyo na 20. Rifraktomita nayo ina mpaka wake: hamira ikishaanza kazi, kilevi kinaupindisha mwanga kivyake na namba inadanganya. Asubuhi sikuigusa kwa sababu hiyo.

Napiga hesabu kwenye daftari. Lita 24 mara 41 (zile tarakimu za mwisho za 1.041) ni 984. Sukari haipungui kwenye chemko, yanapungua maji. Nikibaki na lita 20.5, 984 gawanya kwa 20.5 ni 48. Kwa hiyo natarajia 1.048, na nikikuta kingine nitajua nimekosea lita au nimekosea kipimo.

Saa 1 usiku hopsi, maua ya kuipa bia uchungu, zimeshaingia, chemko linaisha. Maji ya bomba ya Dar yenyewe ni vuguvugu, bomba la kupoza linanifikisha nyuzi 32 na kugoma. Nafunika ndoo, inaingia friji. Sampuli naichukua pembeni, nakoroga ndoo vizuri kwanza. Kuna siku niliongeza maji juu bila kukoroga, nikakinga chini na kusoma 1.060, utamu mzito ulikuwa umetuama pale.

Saa 2 usiku umeme unakatika. Mke wangu anashika tochi ya simu nyuma ya silinda, mwanga unapita ndani ya maji ya kimea kama chai ya rangi. Nachuchumaa. Barafu imebaki kidogo, kipimajoto kinaonyesha 20 kamili.

"Ngapi?" ananiuliza.

"Tulia kwanza, inazunguka."

1.050. Natoa mbili.

Umeme unarudi saa 4. Ndoo ikifika 20, namwaga hamira, nafunga kifuniko na kubandika karatasi: 1.048, nyuzi 20, Jumamosi. Chupa za ile nyingine nitaosha kesho baada ya ibada.