Kibaba kimoja cha maji: Montessori ya nyumbani pamoja na dini

Birika la udhu lililojaa hadi shingoni halimfundishi mtoto wa miaka mitatu kitu. Ni zito, linamshinda mkono, na maji hayamwishii hata akiyachezea. Mimi natumia birika dogo la bati lenye mdomo mwembamba, na ndani natia kibaba kimoja tu. Kibaba ndiyo mudi, robo ya pishi ile ile tunayopimia zaka ya fitri, na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Kwa vipimo vya dukani weka kama mililita 650, wanavyuoni wakipishana kidogo juu na chini. Mtoto akimwaga mengi usoni, miguu itakosa maji. Sina haja ya kusema neno, birika limeshasema.

Maria Montessori, mwasisi wa njia hii ya kumfundisha mtoto kwa vifaa, alitaka kila kifaa kimwonyeshe mtoto kosa lake bila mkubwa kuingilia. Mambo yetu mengi ya dini yana kipimo hicho ndani yake tayari. Kwa hiyo sibandiki picha za misikiti juu ya vifaa nikaita Montessori ya Kiislamu. Natafuta kipimo, kisha nanyamaza.

Kabla ya udhu kuna wiki kadhaa za kumimina. Vijagi viwili kwenye sinia: kwanza maharage, halafu mchele, halafu maji. Ukiruka mchele, mtoto anafika kwenye maji hajajua kuusimamisha mkono, na sakafu inakuwa ziwa. Akishaweza, naweka stuli ya kimo chake, beseni pana lisilo na kina, taulo dogo, na kitambaa cha kufutia yatakayomwagika. Kitambaa hicho ni sehemu ya kazi, kisisahaulike. Naonyesha mara moja, polepole, bila maneno: viganja, kusukutua, puani, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, masikio, miguu hadi vifundoni. Sisi Mashafi, wa madhehebu ya Imamu Shafi, tartibu, yaani kufuatanisha viungo, ni faridhi, na mtoto wa umri huu naye anapenda kitu kiende kwa mpangilio wake, kwa hiyo hapa dini na tabia ya mtoto vinakubaliana. Nafanya zoezi hili nje ya wakati wa sala, ili adhana isitukute tunaharakishana. Amri ya sala ni miaka saba. Kabla ya hapo namwalika tu.

Kosa la kawaida ni la sisi mama: tunashika mkono wa mtoto kumsaidia kiwiko. Uache. Kikibaki kikavu, kesho onyesha tena hatua ile moja.

Hodi nayo ni somo, na lina idadi yake. Hodi tatu, kila moja na kituo cha pumzi, na mpigaji anasimama ubavuni mwa mlango, asielekee ndani. Asipoitikiwa karibu, anarudi. Tunacheza kwa zamu, mara mimi ndani, mara yeye, na mara nyingine nakaa kimya makusudi ili azoee kurudi bila kununa. Akishazoea naongeza nyakati tatu zilizotajwa katika Sura An-Nur ambazo watoto huomba ruhusa hata ndani ya nyumba yao: kabla ya alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya isha.

Herufi za msasa, zile ambazo mtoto huzifuatisha kwa vidole, ndizo zinazokula muda kuzitengeneza. Plaiwudi ya milimita 4, kipande cha sentimita 12 kwa 15, kingo zimepigwa msasa zisichome. Herufi yenyewe ikatwe kwenye msasa namba 120. Namba 60 inakwaruza ncha za vidole, na mtoto atakimbia kazi bila wewe kujua sababu. Ukichora upande wa nyuma wa msasa, chora herufi iliyogeuzwa, la sivyo ukiikata na kuigeuza inatoka kinyume. Karatasi nyingi huharibikia hapo. Kata kwa wembe mpya, maana mkasi unakufa baada ya herufi tano. Paka gundi nyeupe ya seremala hadi ukingoni kabisa, kisha kandamiza kwa vitabu usiku kucha, kwani unyevu wa pwani hubandua kila ncha iliyokosa gundi. Nukta ndizo zinazotoka kwanza, na be bila nukta si be. Tengeneza za akiba.

Herufi za Kiswahili nafuata rangi zilizozoeleka: irabu kwenye buluu, konsonanti kwenye waridi. Ch, sh, ny na ng' nimezitia kwenye kijani, kila moja ubao wake, kwa sababu mtoto anasikia sauti moja, hasikii herufi mbili. Za Kiarabu naziacha kwenye mbao tupu isiyo na rangi. Akigusa mbao tupu, anajua mkono unaanzia kulia. Rafu mbili tofauti, na sichanganyi hati mbili asubuhi moja.

Anafuatisha kwa kidole cha shahada na cha kati, kwa mwelekeo wa kuandika. Somo lina hatua tatu: "Hii ni mmm." Kisha, "Nipe mmm. Ifunike mmm." Mwisho, "Hii ni ipi?" Akikwama hatua ya tatu narudi ya pili kama vile hakuna kilichotokea. Herufi mbili au tatu kwa mara moja, zisizofanana kwa umbo wala sauti: mim, sin, dal. Be, te na the pamoja ni balaa, umbo moja na nukta zinazohama. Najua chuoni, kwenye chuo cha Kurani, maalim anazipanga hivyo hivyo, na watoto huziimba vizuri. Basi ulimi ufuate mpangilio wa maalim, kidole kifuate wake. Qaf, ain na dhad nazichelewesha mpaka ulimi uwe tayari.

Kuunga maneno kwa herufi za kukata, zinazopangwa moja moja, kunawashinda wengi, kwa sababu herufi ya Kiarabu hubadilika umbo mwanzoni, katikati, mwishoni na ikiwa peke yake. Usianze kutengeneza seti nne. Ziko herufi sita zisizoungana na inayofuata: alifu, dal, dhal, ra, zay na waw. Kwa hizo peke yake unapata dar, nyumba, na ward, ua lile tunaloliita waridi. Mtoto anasoma maneno kamili ya Kiarabu kabla hajajua kuna maungo. Lakini jina la Mwenyezi Mungu na aya havipangwi mkekani. Vipande vya chini hukanyagwa. Hayo tunaandika mezani.

Na kwa kuwa nimetaja mkeka: mkeka wa kazi na msala usifanane. Mimi wa kazi ni mdogo, unakunjwa na kusimamishwa kwenye ndoo ya kona. Msala hautandazwi kwa shanga wala vijagi.

Muda wetu ni saa mbili asubuhi hadi saa nne na nusu, bila kukatizwa na mgeni wala simu, na mchana ni wa chuo. Dakika arobaini za kwanza mtoto huhangaika kifaa hadi kifaa. Ukimkatiza hapo ukidhani hana kazi, ile kazi nzito inayokuja baadaye hutaiona.

Kalenda yetu ya mwezi wa Kiislamu ni uzi wenye shanga 29, kila magharibi moja inavutwa upande wa pili. Ushanga wa thelathini hauko kwenye uzi. Nimeutundika pembeni, kwenye msumari wake, na jioni ya 29 tunatoka nje kutazama. Mwezi ukiandama, ushanga huo unabaki pale pale msumarini.