Masomo Nisiyoyachagua: Uzoefu Wangu wa Mwaka wa Kanisa Upande wa Molo

Parokia yangu ya kwanza kama paroko ilikuwa ya wakulima wa viazi, mahindi na pareto upande wa Molo, katika Jimbo Katoliki la Nakuru, nchini Kenya. Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii na Waluhya waliketi kwenye mabenchi yale yale, na Misa ilisomwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ambayo hakuna jamii iliyoweza kuidai kuwa yake peke yake. Ninaandika hapa jinsi nilivyojifunza kuyaachia masomo ya dominika, kama Kanisa linavyoyapanga, yaniongoze mimi pamoja na waumini, hata katika majuma ambayo watu wema walinisihi nisome kitu kingine.

Mwaka wa Kanisa hauanzi Januari. Unaanza na Dominika ya kwanza ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, unapita Noeli, Kwaresima na siku 50 za Pasaka, na sehemu yake kubwa, majuma 33 au 34, ni kile kipindi cha kawaida ambacho padre huvaa kijani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, uliagiza mwaka 1963 kwamba hazina za Biblia zifunguliwe kwa waumini kwa wingi zaidi, na kuanzia 1969 masomo ya dominika yakapangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A tunasoma Matayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka, naye Yohane husikika hasa katika Kwaresima na Pasaka. Padre anaweza kuchagua nyimbo pamoja na kwaya, na anaweza kuchagua maneno ya mahubiri yake, lakini Injili ya dominika anaikuta imekwisha kuwekwa mezani. Seminarini nililisoma hilo kama kanuni ya ibada. Uzito wake niliuona mwishoni mwa mwaka 2007.

Kuanzia 1992 hadi 2007, chaguzi zetu kuu zilifanyika mwishoni mwa Desemba, yaani ndani ya oktava ya Noeli, zile siku nane za kuisherehekea. Kura ya 2007 ilipigwa tarehe 27, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mtume, na kesho yake Kanisa likawakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa kwa amri ya Herode. Dominika ya tarehe 30 Desemba ilikuwa sikukuu ya Familia Takatifu, na kwa kuwa tulikuwa tumeingia Mwaka A, Injili ilitoka sura ya pili ya Matayo: Yosefu anaonywa katika ndoto, anaondoka usiku na mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri. Niliisoma asubuhi, nikahubiri juu ya baba anayesikiliza. Jioni matokeo ya urais yakatangazwa, yakapingwa, na vurugu za kikabila zikazuka. Kulipokucha, uwanja wa parokia ulikuwa umejaa akina mama wenye watoto mgongoni na magodoro yaliyofungwa kwa kamba, na mmoja wao akaniambia, "Padre, jana ulisoma habari zetu."

Sikuwa nimezichagua habari hizo, na hata yeye alilijua hilo. Nilimwona akiketi chini ya mti na kulirudia jina la Yosefu, kisha akaniuliza Yosefu alikaa Misri muda gani. Nilimjibu kwamba Matayo hasemi muda, anasema tu kwamba walikaa hadi Herode alipokufa, na kwamba hata waliporudi hawakurudi kijiji kile kile bali walikwenda kuishi Nazareti. Aliyasikiliza kama mtu anayepokea taarifa anayoihitaji.

Mwishoni mwa Januari 2008 vurugu zilifika Nakuru mjini. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa makao ya waliofukuzwa makwao. Dominika ya tarehe 27 Januari ilikuwa ya tatu ya kipindi cha kawaida, na somo la pili lilikuwa Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya kwanza, ambapo Paulo anawakemea watu waliogawanyika, huyu akisema mimi ni wa Paulo, yule akisema mimi ni wa Apolo. Jumamosi jioni wazee wa halmashauri ya parokia walinijia na ombi walilolipima vizuri. "Padre," walisema, "kesho tusomee zaburi ya faraja. Hilo la mafarakano liache, kwa maana kila atakayelisikia atadhani unamnyooshea kidole."

Niliwaheshimu kwa sababu walikuwa wanalinda watu wao, na hofu yao haikuwa ya bure. Lakini niliwaomba watafakari pamoja nami kwamba nikichagua somo mimi mwenyewe, hata liwe la faraja namna gani, kila upande utauliza nimelichagua kwa ajili ya nani. Somo la kesho halikupangwa Molo wala halikupangwa mwaka huu. Litasomwa Kisumu, litasomwa Roma na Manila, siku ile ile. Hakuna atakayeweza kusema kwamba padre wa kabila fulani amelitafuta ili kumpiga nalo mtu wa kabila jingine. Walinyamaza kwa muda, kisha mkubwa wao akasema, "Basi lisomwe na katekista, lisomwe polepole."

Likasomwa polepole. Alipofika kwenye swali la Paulo, "Je! Kristo amegawanyika?", hakuna aliyetoka nje. Mahubiri yangu yalikuwa mafupi kuliko kawaida, na kwa sehemu kubwa nilirudia somo la kwanza, lile la Isaya juu ya watu waliotembea gizani wakaona nuru kuu. Ninaamini mpaka leo kwamba lililowawezesha watu wale kubaki kanisani pamoja si ufasaha wangu. Walikuwa wamepewa neno ambalo hakuna aliyekuwa na mkono ndani yake, na kwa hiyo kila mmoja aliweza kulipokea bila kujiona ameshindwa na jirani yake.

Kwaresima ilitufikia mapema mwaka ule. Pasaka huadhimishwa dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi. Mwaka 2008 iliangukia tarehe 23, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 6 Februari, wakati majivu ya mapaa yetu yalikuwa bado hayajazolewa. Niliwapaka watu majivu nikijua kwamba baadhi yao walikuwa wamepoteza kila kitu, na kwamba wengine, waliosimama katika mstari huo huo, walijua ni nani aliyewasha moto. Nabii Yoeli aliwaambia wote neno moja: rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu.

Tarehe 24 Februari, Dominika ya tatu ya Kwaresima, Mwaka A ulitupa Injili ya mwanamke Msamaria kisimani, na ndani yake sentensi ile ya Yohane kwamba Wayahudi hawachangamani na Wasamaria. Parokia ilikuwa na kisima chenye pampu, na tangu Januari akina mama wa upande mmoja walikuwa wakikwepa kuteka maji hapo. Niliwaomba viongozi wa Umoja wa Wanawake Wakatoliki, kutoka pande zote mbili, wanisaidie kuamua kisima kifunguliwe saa ngapi na nani asimame penye pampu. Wao ndio waliopanga zamu, wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Siku nne baada ya dominika hiyo, Alhamisi tarehe 28 Februari, mkataba wa kitaifa wa kumaliza mgogoro wa uchaguzi ulitiwa saini Nairobi mbele ya msuluhishi, Kofi Annan. Zamu za kisimani ziliendelea muda mrefu baada ya hapo, kwa sababu saini ya Nairobi haikutosha kumfanya mtu amwamini jirani yake.

Mei ile serikali ilianza kuwarudisha watu makwao kwa kile kilichoitwa Operesheni Rudi Nyumbani, na tarehe 20 Julai, Dominika ya kumi na sita ya kipindi cha kawaida, tukafika kwenye mfano wa ngano na magugu. Wale wanaolima kuelekea Njoro na Mau Narok wanajua kwamba mwezi huo ngano bado ni ya kijani, na kwamba zipo nyasi zinazofanana nayo kabisa hadi zitoe suke. Miezi michache kabla, majirani walikuwa wameitwa madoadoa, yaani watu wa kabila la nje, wameitwa magugu yanayostahili kung'olewa. Katika jumuiya moja, yaani kikundi kidogo cha waumini majirani wanaosali pamoja, mkulima mzee alipinga waziwazi: "Padre, shamba lisilopaliliwa halina mavuno." Nilimwomba yeye mwenyewe atueleze mtu akizing'oa nyasi zile mwezi wa saba, ngano inakuwaje. Alieleza kwa kirefu jinsi mizizi inavyoshikana, na jinsi hata mwenye shamba anavyoweza kukosea kutambua, na alipomaliza hapakuwa na haja ya mimi kuongeza neno.

Kutokana na mwaka ule nilijijengea utaratibu ambao nimeushika katika kila parokia niliyotumwa. Jumatatu, baada ya Misa ya asubuhi, ninasoma masomo ya dominika inayofuata bila kufungua kitabu chochote cha ufafanuzi. Katikati ya juma jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha uchungaji tangu miaka ya 1970, huisoma Injili hiyo hiyo nyumbani kwa mwanajumuiya na kuniletea swali moja kupitia kwa katekista. Ijumaa ninaandika mahubiri nikianzia kwenye maswali hayo. Katekista wa kigango cha mbali, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, ambaye wakati wa masika huongoza ibada bila padre kwa sababu barabara haipitiki, anahubiri juu ya maswali yale yale. Mahubiri yanayoanzia kwenye swali la jumuiya hukumbukwa, na yale niliyoyatoa vitabuni, hata yakiwa na elimu zaidi, mara nyingi hayavuki mlango wa kanisa.

Utaratibu huu umenilisha mimi pia. Nilimzika mama yangu katika kipindi cha Pasaka, nikiwa nimevaa nyeupe, na mshumaa wa Pasaka ukiwaka karibu na jeneza. Moyo wangu haukuwa na Aleluya hata moja, lakini ilikuwa siku ya kuimba Aleluya, na waumini waliiimba kwa niaba yangu. Kama mkulima asiyeipangia mvua siku ya kunyesha bali huliandaa shamba, ndivyo nilivyojifunza kusubiri neno la siku bila kudai kwanza lilingane na hali yangu. Ninasikia mapadre vijana wakisema kwamba imani ni lazima itoke ndani. Kwangu mimi, majira yale magumu, imani ilinijia kutoka nje, kitabuni na katika vinywa vya watu.

Mwaka 2013 tulipiga kura Jumatatu tarehe 4 Machi. Jana yake, Dominika ya tatu ya Kwaresima, Mwaka C, tulikuwa tumesoma sura ya kumi na tatu ya Luka, mtini usiozaa na mtunza shamba anayeuombea mwaka mmoja zaidi. Safari hiyo hakuna mzee aliyeniomba nibadilishe somo. Jumuiya zilikuwa zimeshalizungumza kwa juma zima, na mada za Kampeni ya Kwaresima ya maaskofu wetu zilizungumzwa kwenye vikao hivyo hivyo.

Sasa uchaguzi wetu huangukia Agosti, katikati ya kipindi cha kawaida, na ujao unapangwa kuwa Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Utakuwa Mwaka B. Nimeshakaa na makatekista, tukafungua kalenda: kuanzia tarehe 11 Julai somo la pili litatoka Waraka kwa Waefeso, na tarehe 18 tutasikia kwamba Kristo ndiye amani yetu, aliyekibomoa kiambaza kilichotutenga. Dominika ya tarehe 8 Agosti, siku mbili kabla ya kura, Paulo atatuambia kwamba uchungu wote na ghadhabu na hasira na kelele na matukano yaondoke kwetu. Tumekubaliana kwamba jumuiya zitaanza kuusoma waraka huo wote tangu mwanzo wa Juni, sura moja kila juma, ili siku hiyo isiwe mara ya kwanza watu kuyasikia maneno hayo. Wasomaji wa kila kigango watateuliwa kabla ya Pasaka, wawili wawili, kutoka jamii tofauti.