Gemu nilizomaliza tangu mvua zianze

Mvua zikianza hapa Tunduma, mpakani na Zambia, mimi huwa sina pa kwenda jioni. Tope linafika kwenye vifundo, malori yamepangana barabarani kama shanga, na baridi ya huku ukiwasimulia watu wa Dar wanakucheka. Kwa hiyo nikitoka kazini napitia chipsi, narudi chumbani, nawasha laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa zamani, nacheza gemu. Mpaka sasa nimemaliza nne. Moja ilikuwa deni tangu nina miaka kumi na mitatu, na nianze na hiyo.

Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka 2004. Mimi niliikuta miaka miwili baadaye kwenye banda la gemu nyuma ya stendi, Mbeya: TV mbili za chogo, benchi moja, na mwenye banda aliyekaa na saa ya mkononi akihesabu dakika zako. Memori kadi haikuwepo. Yaani kila aliyelipa alianzia pale pale, CJ, yule mhusika unayemchezesha, anashuka kwenye ndege, polisi wanamchukulia hela zake, wanamtelekeza mtaa wa maadui, anaokota baiskeli. Mwanzo ule nimeuona labda mara mia. Kiingereza cha kuelewa walichokuwa wanaongea hatukuwa nacho, wala hatukukihitaji, maana kila mtu alikuwa na ukurasa wa daftari wenye chiti, yaani vitufe vya siri vya kuidanganya gemu. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kisha mishale hiyo hiyo tena, unapata afya na dola 250,000. Ukitoka nje ya mji wa Los Santos kabla gemu haijakuruhusu, nyota nne papo hapo, polisi kila kona. Sisi tuliamini miji mingine haipendi wageni.

Safari hii nimeicheza kwa kuelewa. Kumbe CJ alirudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa! Miaka yote ile tunamzungusha jamaa anaiba magari, tunamnenepesha kwa pizza ili tumcheke akikimbia, kumbe yuko msibani. Niliona aibu kidogo, sitaki kusema uongo. Ile kazi ya kufukuza treni kwa pikipiki, rafiki yake Big Smoke amekaa nyuma anapiga risasi hewani, ilinimaliza jioni tatu na nikamtukana kwa Kinyakyusa mpaka jirani akagonga ukuta. Na shule ya urubani wangeifuta nisingelalamika. Lakini nilipomwona Tenpenny, yule polisi mwovu, anaanguka na gari la zimamoto kutoka darajani, nilitamani niwapigie wale wenzangu wa kwenye benchi, kama ningekuwa na namba zao.

Papers, Please ni habari nyingine. Aliyeniwekea ni mdogo wangu wa kiume, anasoma Mbeya. Akaniambia, "Dada, hii ni kazi yako kabisa." Nikajua ananitania.

Kwa asiyenifahamu: huu ni mwaka wa tisa mimi ni wakala wa forodha. Nimezeekea nje ya dirisha. Nina bahasha ya mwenye mzigo mkononi, dereva ananipigia simu kila dakika kumi, na nasubiri mtu aliye ndani ainue macho. Nikirudi jioni namsema mtu huyo. Hajui shida za watu, anaangalia karatasi tu, angekuwa yeye ndiye amelala kwenye lori siku nne angeelewa. Basi gemu hii, ambayo Mmarekani Lucas Pope aliitoa 2013, inakuchukua na kukuketisha ndani. Ni Novemba 1982, nchi ya kubuni inaitwa Arstotzka, jina lako limetoka kwenye bahati nasibu ya kazi, na kazi ni kukagua pasipoti mpakani. Unalipwa kwa kila mtu unayemhudumia sawasawa. Saa za kazi ni za Kiswahili kabisa, kumi na mbili hadi kumi na mbili. Nyumbani una mke, mtoto, mama mkwe na mjomba, na kila usiku unachagua: chakula, kuni za kuotea moto, au dawa.

Siku ya kwanza ni raha. Halafu kila asubuhi wanaongeza karatasi. Mara kibali cha kuingia, mara kibali cha kazi, mara kitambulisho chenye urefu na uzito, na baadaye wakaleta cheti cha chanjo. Hapo nilicheka peke yangu, nikakumbuka kadi zetu za njano za chanjo. Unalinganisha tarehe, jina la mji, picha, muhuri. Nilikuwa hodari mno. Nilikamata herufi moja iliyozidi kwenye jina la mji, nikasikia utamu wake mpaka kwenye vidole. Sauti ile ya muhuri ukishuka, tap, tap, nayo ina utamu wake.

Mwanzoni mwanzoni akaja mwanamume, karatasi safi, nikampitisha. Akaniomba nimfanyie wema mkewe, yuko nyuma yake kwenye foleni. Mke akafika, kibali cha kuingia hana. Akasema akirudishwa kwao atauawa. Nikaangalia saa, foleni ilikuwa ndefu na hela ya chakula haijatimia. Nikagonga muhuri mwekundu wa kukataa.

Nikiwa kitandani ndipo nilipokumbuka: makosa mawili ya kwanza ya kila siku ni onyo tu, hayakatwi hela. Siku ile sikuwa nimepata onyo hata moja. Ningempitisha bila kukatwa senti.

Baadaye nikawa mbaya zaidi. Kuna mlinzi, Calensk, anakuja dirishani kukwambia kwamba yeye analipwa kwa kila anayekamatwa, kwa hiyo ukiwakamata badala ya kuwarudisha tu, atakugawia. Mjomba alikuwa ameshakufa kwa baridi. Nikaanza kubonyeza kitufe cha kukamata. Mtu namba za karatasi zake hazilingani, ndani. Muhuri ni wa kughushi, ndani. Nilikuwa nafanya hivyo nikiwa nimejifunika kitenge, nakunywa chai ya tangawizi.

Mtu pekee aliyenichekesha ni mzee Jorji. Mara ya kwanza alikuja bila pasipoti kabisa, mara nyingine akaja na pasipoti aliyoichora mwenyewe, ya nchi inayoitwa Cobrastan. Ukimkataa hakasiriki, anasema sawa, atarudi. Wa aina hii tunao. Kuna mzee mmoja aliwahi kuniletea kadi ya njano ya marehemu kaka yake, nikamwambia baba, hapa jina si lako, akanijibu kwani si tumechanjwa siku moja.

Gemu ina mwisho wa namna 20. Mimi niliyerudisha watu kwa herufi moja nilimaliza kwa kutorokea nchi ya Obristan na familia iliyobaki, kwa pasipoti za kughushi. Ushauri mmoja tu kwa wenzangu wa umeme wa kusuasua: inasevu siku ikiisha. Umeme ukikatika foleni ikiwa imebaki ya watu wawili, siku nzima unairudia, na yule mke unamkuta tena amesimama dirishani.

Kazini sijabadilika sana. Bado nawasema watu wa ndani, ila siku hizi nawasema kwa sauti ndogo.

Inside (2016) niliimaliza usiku mmoja, kwa muda wa kama saa tatu na nusu hivi. Kijana mwenye shati jekundu anakimbia kuelekea kulia, hakuna neno hata moja linalosemwa wala kuandikwa. Nzuri mpaka inatisha, hasa zile sehemu za majini. Mwisho wake sikuuelewa, mdogo wangu alinieleza, na maelezo yake pia sikuyaelewa.

Ya nne ni Return of the Obra Dinn, ya Lucas Pope huyo huyo, 2018. Baada ya ile ya mpakani nilijua huyu mtu ana kitu na karatasi. Humu wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya India Mashariki, ile ya biashara ya Waingereza, mwaka 1807. Meli iliyopotea imerudi yenyewe bandari ya Falmouth, Uingereza, haina mtu hai. Unapewa orodha ya watu 60, michoro ya nyuso zao, na saa ya mfukoni inayokuonyesha sekunde ambayo kila maiti ilikufa. Ujaze daftari: huyu ni nani, amekufaje, nani amemuua. Picha yote ni rangi mbili tu, kama fotokopi iliyofifia, na macho yangu yaliuma wiki nzima.

Gemu haikwambii umepatia mpaka ufikishe watu watatu sahihi kwa pamoja, kwa hiyo kubahatisha ni kazi ngumu. Nahodha na maofisa wake ni rahisi, watu wanawataja kila dakika. Walionitesa ni mabaharia wa Kichina wanaopanda milingoti. Hakuna anayewaita kwa majina. Nilizunguka na nyuso zao siku tano, nikaanza hata kubahatisha, ikanikatalia. Mpaka usiku mmoja nikarudi kwenye tukio moja, watu wangali wamelala kwenye machela, kila machela ina namba yake kwenye orodha, na kwenye machela za Wachina walichojifunika hakijafika miguuni. Viatu vinaonekana, vya kila mmoja tofauti. Nikashuka nao kiatu kwa kiatu, nikaandika majina yao, na daftari likayakubali.

Ukimaliza unaletewa hesabu ya fidia, nani familia yake ilipwe, nani mali yake itozwe faini. Nimeisoma yote, mstari kwa mstari, saa nane usiku, nikitafuta kama kuna jina lililokosewa.