Pembe Zinaelekea Wapi?

Juzi binti yangu katoka kwa jirani na kaimati mkononi. Kule walishasali Idi. Sisi tulikuwa tunakamilisha siku 30 za Ramadhani.

"Baba, kwani mbinguni kuna miezi mingapi?"

Ningeweza kumpa kisa cha Kuraib, aliyeuona mwezi wa Ramadhani huko Sham, pande za Syria, usiku wa kuamkia Ijumaa, akafika Madina akakuta wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akakataa kufuata mwezi wa Sham. Wanaofuata mwezi wa hapa huanzia hapo, na wenzao wanaofuata mwezi wa popote wana hoja zao pia. Ila mtoto wa miaka saba! Akili yangu ikanikimbilia Forodhani, kwa babu.

Ramadhani 29, nina miaka tisa. Babu hakutaka macho ya kuzurura mbingu nzima. Jua likizama, weka alama pale lilipozamia. Sisi tulitumia mlingoti wa jahazi lililopwelewa. Halafu subiri, maana anga bado ina mwanga mkali na mwezi mchanga ni uzi tu. Baada ya robo saa hivi, tazama juu kidogo ya alama, kisha kulia na kushoto yake. Ukichelewa sana, nao umeshazama. Adui ni ukungu wa baharini, na yale mawingu membamba yanayoshika mwanga wa jua kwa chini.

"Ule pale!" nikapiga kelele.

Watu wakageuka. Babu hakutazama juu, alinitazama mimi.

"Uko upande gani wa mlingoti?"

"Kushoto."

"Pembe zinaelekea wapi?"

Nikainua macho tena. Hakuna kitu. Nilijua kwamba upande unaong'aa huelekea jua lilikozama, na kwamba kwetu huku, karibu na ikweta, mwezi mwandamo hulala chali kama dau.

"Juu," nikasema.

"Umeona, au umejibu?"

Nikashika ukimya. Hakuna mwingine aliyeuona. Na hata ningekuwa na hakika isingefaa kitu: kwetu Mashafii, wa madhehebu ya Imam Shafii, kuanza kufunga Ramadhani hutosha shahidi mmoja mwadilifu, lakini kuimaliza na kula Idi hutakiwa wawili, nami sikuwa nimebaleghe.

Nyumbani mama alishapima mchele wa zaka ya fitri, pishi moja, vibaba vinne, kwa kila kichwa. Ukarudi pembeni kungoja siku moja zaidi. Ami alikuwa amesikia redioni kwamba Saudia umeandama. Yeye na wanawe waliamkia Idi, sisi daku.

Kabla ya kulala babu alinitia tende kanzuni. "Aliyeuona peke yake hafungi," alisema. "Anakula. Ila kwa siri, asiwavuruge watu."

Tende ile niliila. Saa ngapi, sijamwambia mtu.

Binti alikuwa bado amesimama, shira inamchuruzika hadi kiwikoni. "Nile?"

Nikamwambia apite uani.