Ukiuliza ukoo, uliza nani alipika njahi

Ukitaka kutafuta ukoo wako Murang'a kwa kufuata makaburi utafika kwa guka, yaani babu, halafu ukwame. Kwetu lake ni la simiti, jina na mwaka viliandikwa na kijiti simiti ikiwa bado mbichi, herufi ya mwisho imebanwa huko pembeni juu nafasi iliisha. Babake hana kaburi kabisa. Zamani Wakikuyu wengi hawakuzikwa, mtu alipelekwa msituni akaachiwa fisi, kuzikwa ilikuwa ya wazee wenye mali, mpaka wamishenari na mkoloni wakaleta mambo yao. Na hata waliozikwa, ikaja 1954 wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni dhidi ya Mau Mau, watu wakasombwa kuingizwa kwa vijiji vya lazima, zaidi ya milioni moja, na huku nyuma mashamba yakapimwa upya yakaunganishwa, so shosho ya mtu, yaani nyanya yake, anaweza kuwa amelala chini ya kahawa ya jirani na hakuna anayejua ni mti gani.

Majina yanasaidia. Kijana wa kwanza anaitwa baba ya babake, wa pili baba ya mamake, wasichana hivyo hivyo kwa mashosho, kwa hivyo ukipanga ndugu vile walizaliwa unapata kizazi cha juu bila karatasi yoyote. Tata yangu, yaani shangazi, dada mkubwa wa baba, huniita baba juu nimebeba jina la guka, na pesa ya sukari ananiomba kama mtoto kabisa bila aibu.

Lakini mimi naona jiko linajua zaidi. Ukimuuliza tata maswali ya ukoo ukiwa na kalamu anakujibu neno moja, anakuangalia kama mtu wa sensa. Mngoje akipika njahi, yale maharagwe yetu meusi. Anachemsha, anamwaga yale maji meusi ya kwanza, anaweka mengine, zikiiva anatia ndizi anaanza kuponda na mwiko, na hapo mdomo unafunguka. Njahi ni chakula cha mama aliyejifungua, kwa hivyo nikamuuliza tu, baba alipozaliwa nani alimpikia shosho?

Akasema ilikuwa mvua ya njahi, yaani ile ndefu ya Machi hadi Mei, bado wako kijijini na chakula ni shida, mamake guka alikuwa ashaenda, na aliyepika ni bibi mdogo wa babake guka, yaani mke wake mdogo, akatoa njahi alizokuwa ameweka za mbegu.

Bibi mdogo? Maisha yangu yote sijawahi kusikia kulikuwa na bibi mdogo! Tata akaendelea kuponda tu, akataja watoto wake mmoja mmoja, na kumbe ni wale majirani wa chini, wale tumekosana nao juu ya mpaka tangu nikiwa praimari. Nilipomwambia baba kwa simu nikirudi Nairobi akaniambia nikule njahi niache maswali.