Nilivyofungua shokapu za mbele mwenyewe nyumbani

Pikipiki yangu ya Boxer napandisha nayo Mgeta kila wiki kufuata mboga, na ile barabara ya milimani haina huruma na shokapu. Ya kulia ilianza kuvuja. Fundi akabadilisha sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke, lakini wiki 3 hazijaisha oili ikawa inatiririka tena mpaka kwenye rimu. Safari hii nikasema nafungua mwenyewe, nijue ugonjwa uko wapi.

Niliinua pikipiki kwa kreti ya soda chini ya injini. Kabla ya kuchomoa shokapu nililegeza vifuniko vya juu, kisha ile boliti ya chini inayofunguliwa kwa alenki, ufunguo wa pembe sita. Usiiache hiyo boliti hadi mwisho: ndani kuna bomba jembamba linalozunguka nayo, na springi ikishatoka hakuna kinacholizuia. Ya kulia ilikubali. Ya kushoto ikagoma kabisa. Nikachonga ncha ya mpini wa fagio, nikaushindilia kutokea juu mpaka ukang'ata lile bomba, mdogo wangu akaukamata kwa mikono miwili nami nikazungusha alenki. Ikaachia.

Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, inanuka kama maji ya samaki.

Nikaifuta shokapu ya kulia, nikapitisha ukucha polepole kwenye chuma kinachong'aa. Mahali pamoja ukakwama. Vijishimo viwili vya kutu, vidogo kuliko punje ya ulezi! Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinakwangua mdomo wa sili kila nikipita shimo. Hata ungeweka sili mpya kila mwezi, ingevuja. Nikasugua kwa msasa laini, namba 1000 kisha 2000, nikiulowanisha kwa oili na kuzungusha, si juu-chini, mpaka ukucha ukapita bila kukwama.

Sili mpya niliivusha juu ya nailoni iliyopakwa oili isichanike, upande wenye kijispringi ukitazama chini. Juu yake nikaweka sili ya zamani ipokee kipigo, nikagonga taratibu kwa kipande cha bomba la plastiki. Oili nilipima kwa chupa ya mtoto yenye alama za mililita, kiasi kilekile cha kwenye kitabu cha pikipiki, pande zote sawa.

Nimeshapanda Mgeta mara 6 tangu hapo. Kila nikirudi nafuta ile chuma kwa kitambaa cheupe, na kinatoka na vumbi tu.