dwm ilikuwa inagoma kubadilika, kumbe nilikuwa nahariri faili siyo

Wakuu naandika hii mtu asije akapoteza jioni mbili kama mimi. Nilihamia dwm (programu ya Linux ya kupanga madirisha kwenye skrini) maana laptop yangu ina ramu ya giga 2 tu, na dwm haina hata menyu ya settings, mipangilio unaiandika kwenye kodi ya C halafu unakompaili (unaigeuza kodi kuwa programu). Nikataka nitumie kitufe cha Windows badala ya Alt kwenye shortcut zake. Nikafungua config.def.h, nikabadilisha Mod1Mask (Alt) kuwa Mod4Mask (Windows), nikapiga sudo make clean install (ikompaili upya na kuinstall, kwa ruhusa ya root), erori hakuna, nikatoka nikaingia tena... Alt ile ile.

Nikarudia, nikazima mashine nikawasha, nikachomeka kibodi nyingine, wapi.

Kilichoniokoa ni ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na wenye nayo. Nikaona kumbe kuna config.h pia, mwenye nayo ni root (akaunti ya msimamizi wa mfumo). Yaani make inanakili config.def.h kuwa config.h pale tu ambapo config.h haipo, ikishakuwepo haiigusi tena, na inayokompailiwa ni hiyo. Hata make clean haiifuti! Na ya root kwa sababu mara ya kwanza nilikompaili na sudo.

Nikafanya hivi: sudo rm config.h, halafu make bila sudo, ndio sudo make install. Alt+Shift+q kutoka, nikaingia, Windows+Shift+Enter, terminali hiyooo.

Ukiweka patch (faili la mabadiliko ya kodi) mtego ni huo huo, nyingi zinagusa config.def.h. Ila kama config.h yako ina vitu vyako usiifute kwanza, piga diff (inaonyesha tofauti za mafaili mawili) uvihamishe.